Bunduki ya milimita 22

Kitu cha kwanza kukatika ni bunduki. Kijisanamu kitadondoka mezani kigonge sakafu. Kofia itabaki, pua itabaki, hata vidole vitabaki, lakini mtutu utauona chini ya kochi baada ya wiki mbili, siku mke wangu akifagia. "Sindano yako hii," ananiambia. Kwake kila kitu chembamba ni sindano. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kusaka na kuchonga silaha za akiba za askari wa mezani, yaani vijisanamu vya kuchezea vita. Sikuingia kwa kupenda. Nilikuwa na kikosi cha watu kumi na wawili, na bunduki nzima tano.

Naishi Nottingham, Uingereza, nilikokuja kwa kazi ya ghala nikabaki. Kwa mtu anayecheza vita vya mezani, mji huu ndio Kariakoo yake. Games Workshop, kampuni iliyoanzia London mwaka 1975, makao yake makuu yako hapa, mtaa wa Lenton. Warlord Games na Perry Miniatures nao ni wa hapahapa. Ukipanda basi jioni unaweza kukaa jirani na mtu ambaye kutwa nzima kazi yake ni kuchonga viatu vya askari asiyezidi urefu wa kidole gumba. Mimi nilikaa miaka minne bila kulijua hilo. Siku moja ya mvua mfanyakazi mwenzangu akanipeleka kwenye klabu yao, nikakuta watu wazima wenye mvi wamezunguka meza, wanapima kwa futikamba, wanarusha dadu, wanabishana kama wazee wa bao wa Ngamiani, kwetu Tanga. Meza hii majitu ya angani, meza ile vita vya Napoleon pale Waterloo. Nikauliza, nusu mzaha, kama kuna aliyewahi kucheza vita vya Tanga.

"Tanga? Vita vya nyuki!" akadakia mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli. Macho yakamng'aa.

Nilishikwa na aibu kidogo. Mimi mtoto wa Tanga, nimejifunza kuogelea Raskazone, penye ufuko ule ule walioshukia, na mzee wa Kiingereza ananisimulia vita vya kwetu. Novemba 1914 jeshi la Waingereza la watu kama 8,000, wengi wao Wahindi, lilishushwa pale chini ya Jenerali Aitken. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Mapigano yakawa makali, nyuki wakachokozwa mizingani wakawauma wa pande zote mbili, na tarehe 5 waliokuja wakarudi melini. Waja leo, waondoka leo. Sidhani kama kuna kizazi cha Tanga kilichowahi kuutumia msemo huo kwa haki kuliko kile.

Basi nikaamua kuijenga Tanga mezani. Nikanunua mtandaoni, mitumba, lundo la askari wa madini wa kipimo cha milimita 28, yaani takriban sehemu moja ya 56 ya mtu halisi. Walifika wamejipinda mitutu kama ndizi. Hapo nikapata somo la kwanza, na nililipata kwa hasara: bunduki ya madini ukiinyoosha mara moja inakubali, mara ya pili inanung'unika, mara ya tatu inakatika mkononi mwako. Saba zilikatika usiku mmoja.

Nilidhani dawa ni kununua nyingine. Kuna wauzaji wanaofungua masanduku ya askari wa plastiki na kuuza kiungo kimoja kimoja: mkono huu, kichwa kile, bunduki ile. Ni msaada mkubwa ukitaka kitu kimoja. Ukitaka kumi na viwili, piga hesabu kwanza pamoja na posta. Mimi nilikuja kugundua kwa bei ile ningenunua sanduku zima nikabaki na miili ya ziada. Halafu kuna maonyesho. Pale Newark, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni, hufanyika maonyesho yaitwayo Partizan, na kwenye kona ya mauzo ya mitumba nilinunua mfuko wa "bunduki mchanganyiko" kwa pauni tatu. Niliuchukua kwa furaha bila kuufungua. Nyumbani nikaumwaga kwenye sinia: nusu yake silaha za miale ya angani, zenye mitutu minene kama mabomba ya maji taka. Zilizobaki zilikuwa Lee-Enfield za Mwingereza. Hakuna hata moja niliyoitaka. Nikazirudisha mfukoni, nikaufunga na kuutupia kabatini. Mfuko huo tutarudi kwake.

Njia iliyonifaa zaidi kuliko duka lolote ni kubadilishana. Kila sanduku la plastiki huacha masalia kwenye fremu, ngao, mikuki, mabegi, na kila mchezaji ana kopo la masalia ambalo hajalifungua mwaka mzima. Nilikwenda na kopo langu klabuni, nikaliweka mezani, nikasema anayetaka achukue. Baada ya wiki mbili makopo yalikuwa sita mezani. Mmoja akachukua silaha zangu zote za miale na kunipa koleo dogo la kukatia plastiki, ambalo mpaka leo natumia. Usiende kuomba kabla hujatoa. Hili mama yangu alinifundisha kwa bakuli la futari, na kwenye bunduki za plastiki linafanya kazi vilevile.

Lakini shida yangu ilikuwa haijaguswa. Nilipoanza kusoma kuhusu vita vyenyewe, nikakuta kwamba kombania nyingi za askari pale Tanga zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja, inayotumia baruti ya zamani. Ukifyatua, wingu jeupe linakufichua ulipo. Bunduki za lundo langu zilikuwa za muundo wa baadaye, zenye magazini ya risasi tano. Yaani hata zile tano nzima hazikuwa sahihi. Nani atajua? Hakuna atakayejua. Mke wangu alisema hivyohivyo, tena kwa upole. Ila mimi nilijua, na mtu anayepaka rangi vifungo vya shati la askari wa milimita 28 hana haki ya kusema "nani atajua."

Kuchonga nikaanza kwa hesabu. Mauser ya 1871 ina urefu wa mita 1.345. Gawanya kwa 56, unapata milimita 24. Nikachukua ukanda wa plastiki ngumu wa kununua, upana milimita 1.5, unene 0.75, nikakata kitako na mwili wa bunduki kwa kisu, nikapitisha tupa ndogo juu yake nikapata mfereji, nikalaza humo waya wa brasi kuwa mtutu. Kwa hesabu kamili mtutu unatakiwa uwe na unene wa kama milimita 0.3. Nilijaribu. Ulionekana kama unywele, na ulijipinda nilipoupuliza vumbi. Waya wa 0.8 ndio ulionikaa sawa: jicho linadanganyika kwa raha, na haukatiki. Vijisanamu vyenyewe si vya kipimo halisi. Vichwa vikubwa, mikono minene kama ya wabeba nondo. Bunduki ya kipimo kamili kwenye mkono ule inaonekana kijiti cha meno. Pima urefu kwa hesabu, unene uachie jicho.

Mpini wa komeo la bunduki ile unatoka ubavuni umenyooka, haukupindwa chini kama wa bunduki nyingine. Nilitumia kipande cha pini ya cherehani, nikatoboa tundu kwa keekee ya mkono, gundi ya supa gluu kidogo kwenye ncha ya kijiti cha meno. Mkanda nilikata kwenye tyubu ya nyanya iliyokwisha: ikate, ikunjue, ioshe, na una karatasi ya madini laini inayokunjika kama ngozi. Bunduki ya kwanza ilinichukua saa mbili na nusu. Ya kumi na mbili, dakika ishirini na tano. Nikazipanga kwenye kipande cha boksi, nikazipeleka klabuni kama mtu anayepeleka mahari.

Mzee wa reli alivua miwani, akavaa nyingine, akatoa kalipa mfukoni. Hakuna asiyemjua kwa kalipa ile. Akapima moja. Akapima ya pili.

"Nzuri sana," akasema. "Lakini hii ni ndefu, ya askari wa miguu wa Ulaya. Askari wako walikuwa na ile ya Jäger."

Ya Jäger, yaani askari wa miguu wepesi wa Kijerumani, ina urefu wa kama mita 1.24. Gawanya kwa 56: milimita 22. Tofauti ya milimita mbili, upana wa mbegu moja ya ufuta. Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi nikachukua koleo, nikapunguza mitutu yote kumi na miwili, na kusogeza kishikizo cha mbele. Nilishukuru kwamba nilikosea kwa kuzidisha. Ningekosea kwa kupunguza, ningeanza upya.

Kazi ngumu kuliko kuchonga ni kumnyang'anya askari bunduki yake ya zamani bila kumkata vidole. Bunduki ya madini imeyeyushwa pamoja na mikono, ni kitu kimoja. Anayekata kwa haraka anabaki na askari kilema, na mimi nina watatu wa namna hiyo waliolala nyuma ya boma kama majeruhi. Sasa nafanya hivi: nakata mtutu mbele ya mkono wa kushoto, nakata kitako nyuma ya mkono wa kulia, kisha kipande cha katikati nakipunguza kwa tupa, polepole, mpaka mikono yote miwili ibaki na mfereji. Bunduki mpya inalala humo. Askari aliyesimama na bunduki begani ni rahisi; anayelenga shabaha, shavu limegusa kitako, huyo mwachie mwisho, au mnunulie kichwa kingine mapema. Na mkono wa kushika mkuki au bendera, usiutoboe kwa nguvu. Anza kwa ncha ya pini upate kishimo, halafu keekee, zungusha kwa vidole, toa vumbi, zungusha. Nina kovu la kidole cha shahada kutokana na siku niliyozungusha huku natazama mpira.

Vumbi lenyewe si la kuchezea. Lugha yetu inaita risasi ile inayotoka kwenye mtutu na risasi ile madini, na vijisanamu vya zamani vilitengenezwa kwa madini yenye risasi ndani yake. Mitumba huwezi kujua umri wake. Nasugua kwa tupa juu ya gazeti lililolowa, barakoa usoni, nanawa mikono kabla ya kushika kikombe cha chai, na watoto hawaingii chumbani nikiwa kazini.

Nilipochoka kuchonga moja moja nikajaribu kalibu. Kuna plastiki fulani ya buluu inayolainika kwenye maji ya moto. Unaikandamiza juu ya bunduki uliyoichonga, inapopoa ina alama yake, unajaza puti ya epoksi, unaacha hadi kesho yake. Zangu za kwanza zilitoka na viputo kama uso wenye chunusi, na mitutu imelegea. Nilipoanza kulaza waya ndani ya kalibu kabla ya kujaza puti, zikanyooka. Kitako na komeo vinatoka vizuri kwa kalibu, mtutu hapana. Kwa hiyo nachapa nyuma, naweka waya mbele. Nakandamiza kazi yangu mwenyewe tu. Kuchukua bunduki iliyochongwa na mtu mwingine, kutoa kalibu na kuuza nakala, huo kwangu ni wizi, hata kama aliyeibiwa ni kampuni kubwa.

Vijana wa klabu wao wanachapa silaha kwa mashine ya 3D inayotumia resini. Sina ugomvi nao. Walinipa kumi za kujaribia. Nzuri hadi misumari inaonekana, na tatu zilikatika ndani ya mchezo mmoja.

Bombom lilinitesa kwa sababu ya kijinga. Bombom la Maxim, bunduki ya rashasha ya wakati ule, lina silinda ya maji kuzunguka mtutu, na kwa kipimo chetu silinda hiyo ni kama milimita 2 kwa unene. Kijiti cha plastiki cha pamba ya masikio kinakaribia kabisa, tena kina tundu katikati, unapitisha waya na kazi imekwisha. Lakini Oktoba 2020 vijiti vya pamba vya plastiki vilipigwa marufuku England, kwa ajili ya bahari, na sasa dukani kuna vya karatasi ambavyo vikigusa gundi vinavimba. Nakubaliana na sheria. Nilipokwenda nyumbani likizo nilirudi na pakiti mbili kutoka duka la jirani, pamoja na konzi ya sufi niliyochomoa kwenye mto wa mama. Sufi ndiyo moshi wa baruti wa Mauser ya 1871. Pamba ya dukani inakaa kama pamba. Sufi inang'aa kidogo, inasimama hewani, na ukiipitisha majivu kidogo kwa chini unaapa bunduki imetoka kulia sasa hivi.

Na ule mfuko wa pauni tatu? Mchezo wa Tanga ulikwenda vizuri, nyuki tuliwafanya kwa pilipili manga iliyotwangwa, tukataka kuendelea na vita vya Jassin vya Januari 1915, kaskazini mwa Tanga, karibu na mpaka. Nikaanza kuhesabu nani anabeba nini. Waingereza walipokimbilia melini waliacha mamia ya bunduki na zaidi ya nusu milioni ya risasi, na Wajerumani wakazitumia kuvipa silaha mpya vikosi vyao. Nikasimama kabatini nimeushika ule mfuko, nacheka peke yangu. Lee-Enfield! Urefu milimita 20, pua butu, mbao hadi mdomoni, huwezi kuichanganya na nyingine yoyote. Askari wangu wanane wamezibeba sasa, na kila mgeni akija kuniambia nimekosea, namwambia nani aliziacha ufukoni.

Nilimpigia mama kumsimulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado wachezea watoto wa bati?"

Nikamweleza yote, bunduki ya milimita 22, moshi wa mto wake, mfuko. Alisikiliza akicheka, akaguna kuhusu mto. Halafu akauliza, "Na wapagazi umewaweka?"

Nikanyamaza.

"Babu yangu hakushika bunduki," akasema. "Alichukuliwa na Wajerumani akabeba masanduku. Alipowatoroka akachukuliwa na Waingereza, akabeba masanduku yaleyale. Hao bunduki zao nani alikuwa akizipeleka?"

Kumbe nilikuwa nimeutania mji wangu wa ugenini kwa jina la Kariakoo, nimelisema mara mia klabuni, na jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, lililotamkwa kwa ndimi zetu. Nilipotazama meza yangu, mikono yote ilikuwa na silaha. Katika makopo sita ya masalia ya klabu hakukuwa na mzigo hata mmoja wa kichwani.

Usiku huo nilichukua wale vilema watatu wa nyuma ya boma, wale niliowakata vidole. Niliwaondoa mikanda ya risasi kwa kisu, nikawakata mikono mabegani na kuipandisha juu kwa waya na puti. Sanduku la kwanza nilikata kwenye kijiti cha aiskrimu, nikalifunga kwa uzi. La pili ni gunia la puti, nimelitia alama za kamba kwa ncha ya pini. Mzigo wa tatu niliufikiria kwa muda mrefu, mwishowe nikafunga pamoja Mauser nne nilizozichapa zikatoka mbovu, zenye viputo, nikazizungushia kipande cha tyubu ya nyanya kama turubai, vitako vikachungulia nje. Nikamwekea kichwani, nikamsubiri akauke.